Mkuza wa Nakitumbi

Siku mliponiaga pale ofisini mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, maana hotuba ilinipotea nikiwa bado kwenye salamu. Mkapiga makofi kwa huruma, tukala pilau. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiwaza yale niliyotaka kuwaambia ninyi vijana mnaobaki na misitu, nikaona afadhali niyaandike. Vyeo sitavisema. Barua za vyeo zinafanana, aliyesoma moja amezisoma zote. Nitaandika juu ya miaka kumi na kidogo ya mwanzo, kule Nachingwea na Ruangwa, kwa sababu karibu kila nilichokijua kazini nilikijua kule, na kwa sababu hakuna siku inayopita bila kuutamani msitu wa Nakitumbi kama mtu anavyotamani maji ya kwao.

Mimi ni mtu wa Ruponda. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, nimesoma madarasa manne, pale Wazungu wa karanga walipokuja Nachingwea na mashine zao. Habari ilikuwa kwamba pori lote litafyekwa lipandwe karanga, meli zijae, Ulaya wapate mafuta ya kupikia baada ya vita. Kwetu karanga zilipandwa na kina mama kando ya mtama, vijaruba viwili vitatu, kwa hiyo tulishangaa kidogo kusikia kwamba zinahitaji mashine zenye ukubwa wa nyumba. Lakini kazi ilikuwapo, nikaenda kuandikishwa. Kwa kuwa nilijua kusoma namba hawakunipeleka kung'oa visiki. Walinikabidhi kwa mpimaji, Mzungu mrefu mwenye shingo iliyoiva kwa jua, ambaye watu walimwita Bwana Kamba kwa sababu kila ulipomwona alikuwa anavuta kamba, au anamfokea mtu aliyeivuta vibaya.

Kazi yetu ilikuwa kukata mkuza, ile njia nyembamba iliyonyooka inayoonyesha kipande kimoja cha ardhi kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mnaikata hata leo. Bwana Kamba alitazama dira akaelekeza mkono, mimi nikatangulia na bendera tatu. Ukisimama kwenye bendera ya kwanza na ile ya tatu usiione, mstari umenyooka. Halafu walifuata wenzangu wenye mapanga na nyengo za kufyekea, wakafungua njia ya hatua nne, na kila urefu wa mnyororo wa kupimia tukapiga kigingi. Siku ya kwanza viganja vilinitoka malengelenge, na mkuza wangu ulipinda kama mkia wa mbwa. Siku ya nane ulinyooka. Bwana Kamba alisimama mwanzo wake akautazama mpaka mwisho, akasema, "Safi," na neno hilo moja lilinilewesha juma zima. Nawaambia haya msije mkadhani nilizaliwa nikipenda miti. Nilipenda mstari. Mti uliokuwa kwenye mstari ulikuwa na kosa moja tu, kuota pale.

Sikujua mkuza unatangulia nini mpaka mwezi wangu wa pili kazini, tulipotumwa kurudi kutafuta mnyororo wa kupimia tuliousahau kwenye kipande tulichokwisha kukipima. Tulikuta mashine mbili zinakwenda sambamba, na baina yake wamefunga mnyororo wa nanga ya meli, pete moja huwezi kuinyanyua peke yako. Mashine zikisogea, mnyororo unalalia pori na pori linalala chini. Mitondoro, mininga, mikongo iliyokuwapo kabla ya babu zetu, yote ilikwenda kwa sauti moja ndefu, kama nyumba nyingi zinazobomoka pamoja. Digidigi walitoka mbio wakatupita miguuni, hawana tena habari ya kutuogopa. Nyuma ya mnyororo kulibaki mwanga. Hicho ndicho kilichonikaa moyoni, mwanga mwingi mahali ambapo haukuwahi kufika.

Mnyororo wetu hatukuupata, kwa hiyo kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu kuutafuta. Ndipo nilipomwona hondohondo dume. Alikuwa na panzi mdomoni, anazunguka hewani mahali palipokuwa na mti, anatua juu ya rundo la magogo, anaruka tena, anazunguka palepale. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na dume ndiye anayemlisha kupitia ufa huo. Humo ndani jike hunyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Nilipekua yale magogo mpaka jua likawa kali, nikauona ufa, nikaubomoa kwa ncha ya panga. Mayai yalikuwa yamepasuka. Yeye alikuwa hai, ameumia bega, ananitazama kwa jicho moja.

Nilimweka kwenye kikapu changu cha chakula, nikashika njia ya msitu uliokuwa karibu, ambao ulikuwa Nakitumbi. Dume alitufuata kitambo akitua kila mti uliosimama, kisha sikumwona tena. Ukingoni mwa msitu mtu akanitokea bila mimi kusikia hata jani. Alivaa kaptula ya jeshi iliyofifia na katambuga za mpira wa gari, na mkononi hakuwa na kitu.

"Unaingiza nini humu?" aliniuliza.

Nikafunua kikapu. Aliinama akamtazama yule ndege.

"Huyu hatapona," alisema. "Lakini umeshamleta. Kaa naye."

Nilikaa naye siku mbili, nikimpa wadudu kwa kijiti, na siku ya tatu alikufa. Kambini niliwaambia nilishikwa na homa. Yule mtu wa katambuga alikuwa Issa Nampemba, mlinzi wa msitu wa serikali, na watu walimwita Koplo. Alitoka Nanganga, akapelekwa vitani Bama, kule Asia, akarudi na cheo chake, kifua kinachokwaruza na chuki kubwa ya kelele. Alisema kule Bama aliona misitu inapigwa mizinga mpaka inabaki vijiti, na alipopata nafasi ya kuchagua kazi aliomba ile ambayo hakuna mtu anayepiga kitu chochote. Alipoanza kuzisikia mashine za karanga kutoka Nachingwea, aliniambia, alidhani kwanza ni maradhi yake ya masikio yamerudi.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya sala pale Ruponda nilikwenda kwake. Koplo hakuwa mtu wa kufundisha. Alitembea, nawe ukitaka unamfuata. Nilijifunza kuweka kisigino baadaye na vidole kwanza. Nilijifunza kwamba kanga wakinyamaza ghafla kuna mtu, na nyani wakinyamaza kuna chui. Alinionyesha jinsi ya kunusa shina lililokatwa ukajua limekatwa jana au juzi, jambo ambalo baadaye mliniona nikilifanya mkacheka. Kuhusu moto alikuwa mkali kuliko kitu kingine. Moto wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, aliuwasha mwenyewe kidogokidogo pembeni mwa msitu ili moto wa kiangazi ukija ukose chakula. Mtu aliyekutwa na kiberiti humo ndani alikipoteza, na siku ile alipoteza na hamu ya kuvuta.

Ndani ya Nakitumbi kulikuwa na chemchemi chini ya mivule, ndiyo kisima cha watu wote, maji yake baridi hata mwezi wa kumi. Nikikaa leo barazani kwangu nasikia sauti yake kabla sijasinzia mchana. Harufu ya mahali pale ilikuwa ya majani yaliyooza na asali, na mtu ukiingia kutoka kwenye jua la Ruponda ulihisi kama umevishwa nguo iliyolowa. Wanawake waliteka maji hapo, na njaa ilipobisha walichimba ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo vimelea watu wa kusini miaka ambayo mtama umekataa. Mkubwa wao alikuwa Bi Somoe, mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Yeye na Koplo waligombana kila juma. Koplo alitaka mashimo ya ming'oko yafukiwe. Bi Somoe alimwambia mashimo yale yalikuwa yakifukiwa kabla mama yake Koplo hajajifungua. Kisha yeye humletea ugali wa mtama, na Koplo humpa asali. Kiswahili cha Bi Somoe kilikuwa cha sokoni, na akikasirika alikiacha akaingia Kimwera, na hapo Koplo alinyamaza kabisa.

Mume wake Bi Somoe alizikwa upande wa magharibi wa msitu, kwenye mahame, kijiji cha zamani ambacho watu walikihama kwa sababu ya simba. Hakukuwa na nyumba tena, ila makaburi machache na mikongo minne mikubwa iliyoyafunika. Alikwenda kufagia pale mara kwa mara. Mtu hakuambiwa asimfuate, lakini hakuna aliyemfuata.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Bwana Kamba alitandaza ramani juu ya boneti ya gari akanionyesha kazi ya kiangazi kile. Kipande cha mwisho, cha kufyekwa mvua nyingine zikikaribia, kilikuwa Nakitumbi. Nilimwambia pale kuna mlinzi wa serikali. Akasema serikali ndiyo iliyotoa karatasi.

Nilimpelekea Koplo habari siku ileile. Alikaa chini akafungua katambuga zake akazifunga upya. Bi Somoe ndiye aliyezungumza. Alitukumbusha kijito cha Kilimbo, ambacho msitu wake ulilazwa chini mwaka uliotangulia. Kina mama wa kule walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba maji yanakimbia, na kiangazi kilikuwa bado kichanga. Tukamwambia hilo kila mtu analijua na Wazungu hawalisikii. Akasema hawalisikii kwa kuwa ni maneno, na hao ni watu wa kupima, basi tuwapimie.

Jambo alilolifanya ni hili, na katika miaka yangu yote sikuona kazi ya upimaji iliyo safi kuliko hiyo. Kila Ijumaa alasiri, kabla ya kuteka, mwanamke mmoja alichomeka kijiti katikati ya kisima cha Nakitumbi mpaka kiguse mwamba, akakikata pale maji yalipokomea. Dada yake Bi Somoe, aliyeolewa Kilimbo, alifanya vivyo hivyo kule. Kijiti kimoja kwa juma, kila mahali. Hakuna aliyejua kuandika, na hawakukosa hata Ijumaa moja. Mimi nilikuwa nikikata mikuza ya vipande vingine, Ijumaa nikipita mara kisimani mara Kilimbo kuona vijiti vikikatwa, na kuhesabu majuma yaliyobaki. Panga langu, nakiri, halikuwahi kuwa butu kama kiangazi kile.

Mwisho wa mwezi wa tisa walikwenda Nachingwea kwa miguu, wanawake kumi na mmoja na Koplo, kumwona Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Bwana Kamba naye aliitwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyembebea ramani zake nilikuwa nimesimama mlangoni. Bi Somoe alifungua kanga mbili akapanga vijiti sakafuni, mistari miwili. Vya Nakitumbi vilipungua kwa upana wa kidole au viwili tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Vya Kilimbo vilianza sawa na wenzao, vikashuka, vikashuka, vikafikia urefu wa kidole gumba, kisha palikuwa na nafasi tupu ya majuma manne.

"Mwambie Bwana," alimwambia karani aliyetafsiri, "hapo patupu si kwamba tulisahau."

Bwana Shauri aliinuka kwenye kiti akachutama. Bwana Kamba alisema jambo kwa Kiingereza ambalo karani hakulitafsiri. Kisha Bwana Shauri akanitazama mimi pale mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo kama nilijua vijiti vile ni vya kweli. Nilikuwa nimeshika ramani za mtu aliyeniajiri. Nikasema, "Ni vya kweli, bwana. Nimeona vikikatwa." Akamgeukia karani akauliza magari ya maji ya kambini yanateka wapi. Karani akajibu yanateka kwenye kijito kilicho chini ya Nakitumbi. Nadhani hilo la maji ya kambi ndilo lililotusaidia kuliko haki yetu.

Hukumu ilikuja baada ya siku tano, na ilikuwa nusu. Upande wa mashariki wenye chemchemi utabaki msitu. Upande wa magharibi utafyekwa. Mpaka utakuwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka jiwe kubwa la mlimani mpaka kivukoni. Wanawake walipiga vigelegele kwa ajili ya kisima. Bi Somoe hakupiga.

Bwana Kamba hakunifukuza. Alisema hakupenda nilichosema, lakini hana mtu mwingine anayenyoosha mkuza vile. Siku ya kukata mpaka homa ilimshika kweli, akanikabidhi dira akanipa namba ya kuifuata, akasema atakuja kuukagua. Basi nilisimama juu ya lile jiwe, mimi na bendera zangu, na nikielekeza jicho niliona mstari unapita wapi. Unayaacha mahame nje. Si mbali, hatua thelathini hivi. Mikongo minne niliiona vizuri, vilele vyake juu ya wenzao.

Bi Somoe alipanda akanikuta hapo. Koplo alikuwa nyuma yake. Alikuwa anahema kwa mlima, akangoja pumzi irudi.

"Mwanangu," alisema, "ukipinda kidogo pale chini, nani atajua?"

Nilijua jibu, ambalo ni kwamba hakuna ambaye angejua. Mlima ule una mabonde, bendera huzama zikaibuka, mstari unaweza kuyumba hatua thelathini na mtu asiyekuwapo asitambue. Lakini niliwaza Bwana Kamba atakuja na dira nyingine. Niliwaza jela. Nikawaza, na hili ndilo baya, kwamba watu wataona mkuza wangu umepinda. Siku chache nyuma nilikuwa nimesema kweli mbele ya Bwana Shauri, nami nilikuwa najihesabu mtu jasiri; kumbe ujasiri ule niliumaliza wote palepale mlangoni.

Nikamwambia, "Mama, dira haipindi."

Alinitazama, akaitazama mikongo, akashuka. Koplo alibaki. Siku tatu nilizokata alinifuata nyuma akiondoa matawi njiani, bila kunilaumu. Mkuza ulinyooka kuliko yote niliyowahi kukata. Bwana Kamba alipopona alikuja na gari mpaka kivukoni, akautazama kutoka pale bila kuteremka, akasema "Safi," akageuza.

Kabla mashine hazijafika Bi Somoe na ndugu zake walikwenda kung'oa mashahidi, vile vijiti vya mninga vinavyosimamishwa kaburini, wakavipeleka nyumbani. Kisha mteremko wa magharibi ukalazwa kwa asubuhi mbili. Nilikuwa kisimani, Koplo ameziba masikio kwa viganja. Komba na nyani na ndege walivuka mkuza wangu kuja upande wetu, na kwa majuma mengi msitu wetu ulikuwa na vurugu kama nyumba iliyopokea wageni wa msiba.

Sasa niwaambie lililotokea kwenye ule mteremko. Hakikutokea kitu. Haukupandwa karanga hata moja. Udongo ulipigwa na jua ukawa kigae, mashine za kulima zilivunjika meno mahali pengine, mvua zikaja na kukoma zilivyotaka zenyewe, na baada ya muda tulisikia kwamba huko Ulaya wamesema basi. Kambi ya Nachingwea ikaanza kupungua watu. Bwana Kamba aliondoka bila kuaga, akaniachia dira, sijui kwa kupenda au kwa kusahau. Tulibaki na mteremko mtupu ambao hakuna aliyeuhitaji, na mimi nilikuwa najua ni hatua ngapi zingetosha.

Koplo alikwenda mwenyewe Nachingwea kuwaambia wakubwa wake kwamba kifua chake hakimruhusu kuulinda Nakitumbi peke yake, na kwamba yuko kijana anayefaa. Ndivyo nilivyoingia kwenye idara hii. Siku ya kwanza aliniuliza nataka kuanza na nini. Nikasema na mteremko. Akasema mteremko si msitu kwenye karatasi, ulinzi wetu unaishia kwenye mkuza. Nikamwambia najua unapoishia, niliukata mimi. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakohoa, tukaenda.

Pori letu la miyombo halifi upesi. Mnyororo uling'oa mashina, lakini mizizi mingine ilikatikia ardhini, na mizizi ile huchipua ukiipa nafasi. Adui yake ni moto. Mahali pa miti palikuwa pameota nyasi ndefu kuliko mtu, na kila kiangazi wawindaji wa panya buku waliziwasha. Chipukizi likifika magotini linaungua, linaanza upya. Sikuwa na mamlaka ya kumzuia mtu pale. Nikamwendea Bi Somoe. Sikujua atanipokeaje, maana tangu siku ya jiwe tulikuwa tukisalimiana tu. Nilimweleza habari ya mizizi. Akauliza inachukua miaka mingapi. Nikasema mimi na yeye hatutaiona mikongo. Akasema hakuniuliza hilo. Juma lile alizunguka Ruponda nyumba kwa nyumba, akafika hata Marambo kwa wakwe zake, na sijui aliwaambia nini wale wawindaji, lakini mwaka ule mteremko haukuwashwa.

Uliwashwa mwaka wa tatu, na mtu aliyekuwa akisafisha shamba la ufuta, upepo ukamshinda. Ilikuwa saa nne asubuhi. Moto ulipanda mteremko kwa kasi ya mtu anayekimbia, ukafika kwenye mkuza, nami nikadhani utakoma hapo, kwa sababu tuliufagia kila mwezi. Ukaruka kama mtu anavyoruka kijaruba. Tuliupiga kwa matawi mabichi, mimi na Koplo, kisha wanawake wakatokea kisimani na ndoo na vitenge vilivyolowa, kisha wanaume kutoka mashambani. Hakuna aliyewaita. Bi Somoe alisimama juu ya kichuguu anaelekeza watu kwa ile sauti yake. Alasiri tulikuwa tumeuzima, na msitu wa mashariki ulikuwa umeungua kipande tu, chini ya jiwe. Mteremko wote ulikuwa mweusi, na chipukizi zote za miaka ile zimekwenda. Nilikaa chini nikalia, nikijidai ni moshi.

Koplo hakupona moshi ule. Kifua kilimkamata, akawa anatembea akipumzika kila mti, mwisho akaomba ndugu zake waje wamchukue Nanganga. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili alikuwa amelala, akaniuliza ndege gani wanaimba asubuhi pale kisimani siku hizi. Nikawataja mmoja mmoja. Nilipomtaja hondohondo aliuliza wangapi. Nikasema jozi mbili, upande wetu. Akafumba macho kama mtu aliyeshiba. Alifariki kabla ya mvua, nami sikuwahi mazishi.

Nilibaki Nakitumbi miaka mingine minne. Kazi ilikuwa ileile. Moto wa mapema, wakata mipingo wa kuviziwa, mashimo ya ming'oko ya kufukiwa, ambayo sasa mimi ndiye niliyeyagombania na Bi Somoe, na nikashindwa kama Koplo. Mteremko ulichipua tena. Mwaka wa mwisho chipukizi zilifika begani mwangu, na kati yake niliona mikongo michanga miwili pale mahame. Siku niliyoiona nilimwita Bi Somoe aje. Alikuja akaigusa majani, akakaa pale mpaka jua la magharibi.

Kisha barua ikaja kunihamisha, mkoa mwingine, misitu mingine. Siku ya kuondoka nilingoja lori barabarani Ruponda na sanduku langu. Bi Somoe alikuja kuniaga. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Tulizungumza habari za mvua na za jamaa. Lori lilipoonekana kwa mbali akaniambia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Ule mkuza uliunyoosha kwa woga. Nilijua siku ileile."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ningekwambia ungeondoka," alisema. "Na Koplo alikuwa mgonjwa. Nani angebaki na miti? Mume wangu nilimwambia avumilie."

Lori likasimama, utingo akachukua sanduku langu, nikapanda. Barua niliyomwandikia baadaye ilijibiwa na mpwa wake kwamba Bi Somoe ametangulia mbele ya haki, na amezikwa Ruponda.

Nyote mliofanya kazi nami mnajua tabia yangu moja iliyowachosha. Kila tulipotumwa kukata mpaka wa msitu, popote pale, nilikataa kupiga kigingi cha kwanza mpaka nimekaa na wenyeji siku nzima, wakati mwingine mbili, nikiuliza nani amezikwa wapi, wapi wanachimba, wapi wanateka. Mlisema ni uangalifu wa kizamani. Baadhi yenu mlisema ni uzee, nami nikawasikia. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa pale nikitumaini kwamba atainuka mtu mmoja aniombe nipinde kidogo.